Intaneti ya nyumbani ikigoma, tafuta kwanza ilikokatikia

Kabla ya yote, weka pini chini. Kile kitundu kidogo nyuma ya ruta hakiiwashi upya, kinaifuta kumbukumbu: jina la waifai, nywila, mipangilio ya APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) ya laini, na kwa wenye faiba hata akaunti waliyowekewa na kampuni. Wa Shangani au Ligula, mjini Mtwara, anaweza kupata fundi siku hiyohiyo. Wa Newala au Liwale atamsubiri. Kuwasha upya ni kuchomoa adapta ukutani, kuhesabu hadi 30, kuichomeka tena na kuipa ruta dakika 3 itulie. Fanya hivyo mara moja. Isipotii, kurudia mara kumi ni kuichosha swichi ya ukutani tu.

Intaneti inafika kwako kwa vipande vitatu: kutoka kompyuta hadi ruta, kutoka ruta hadi mnara au kampuni, na kutoka kampuni hadi huko duniani. Kazi yako ni kujua kipande kipi kimekatika. Anza na simu: zima data yake, iunganishe na waifai ileile, ufungue tovuti ambayo hujaifungua siku za karibuni. Ikifunguka, ruta na laini ni wazima na mgonjwa ni kompyuta. Ukisahau kuzima data, simu itakudanganya mchana kweupe.

Kisha kaa kwenye kompyuta. Kwenye Windows bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na R, andika cmd, bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi andika amri hizi moja baada ya nyingine (ping ni kuuliza "upo?" mara 4 na kusubiri jibu; 8.8.8.8 ni kompyuta ya Google iliyo nje kwenye intaneti):

ipconfig
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping google.com

Ile 192.168.1.1 ni mfano. Weka namba iliyo kwenye mstari wa "Default Gateway" ambao ipconfig imekuonyesha. Ruta nyingi za laini ya simu hutumia 192.168.8.1, nyingine 192.168.0.1. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako; ukiiandika kwenye kivinjari, unafungua ukurasa wa mipangilio yake.

Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 haijibu, tatizo liko kwenye ruta yenyewe au mbele yake. Ikijibu 8.8.8.8 lakini google.com haipatikani, njia ipo, kilichokwama ni DNS, yaani daftari la kugeuza majina kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta uweke DNS kwa mkono: 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Na zote zikijibu huku kurasa zikilalamika kuhusu usalama, tazama saa ya kompyuta. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ya CR2032 imekufa hupoteza tarehe kila umeme ukikatika, na tovuti hukataa kuongea na kompyuta inayodhani bado ni miaka kumi iliyopita. Rekebisha tarehe, chagua saa za Nairobi (UTC+03:00), kisha nunua betri.

Kompyuta haiioni ruta

Anwani yako (mstari wa "IPv4 Address" kwenye ipconfig) ikianza na 169.254, kompyuta imeomba namba kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwa waifai, iambie kompyuta isahau mtandao huo, kisha uingie upya na nywila. Kwa kebo, andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Chanzo kingine ni ruta mbili ndani ya nyumba moja, moja ya faiba na nyingine ya zamani iliyoongezwa ili waifai ifike uani. Zote mbili zinagawa namba, na huenda zote zinajiita 192.168.1.1. Ile ya pili ipe 192.168.1.2, zima ugawaji wake wa namba (DHCP), kisha ichomeke kwa tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti kutoka nje).

Taa ya tundu la kebo isipowaka, shuku kebo kabla ya kushuku kompyuta. Huku pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa, hewa ya chumvi inakula shaba. Chomoa plagi uitazame kwenye mwanga: ukiona ukijani au weusi kwenye vile vijino, ndiyo huo. Zima ruta, futa kwa pamba yenye spiriti kali (ya asilimia 90 na zaidi, maana iliyochanganywa na maji inarudisha ugonjwa), acha ikauke dakika 10. Usitumie msasa. Vijino vimepakwa dhahabu nyembamba sana, na ukiikwangua kutu itarudi kwa kasi zaidi. Kebo iliyooza ndani, au iliyotafunwa na panya juu ya dari, haisafishwi: kata, uvalishe plagi mpya.

Mpangilio wa rangi, ukishika plagi kidole chake cha plastiki kikiwa chini, vijino vikiwa juu na kebo ikija upande wako, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Kebo ya Cat5e isizidi mita 100. Uzi wa 4, 5, 7 au 8 ukikatika, mtandao bado utafanya kazi, ila utashuka hadi Mbps 100, kwa hiyo kebo inayofanya kazi huenda bado ni mbovu.

Waifai haipiti ukutani

Masafa ya 5 GHz ni ya haraka lakini ni dhaifu mbele ya kuta. Kwenye nyumba za zamani za Mikindani, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, chumba kimoja tu kinatosha kuyaua. Humo tumia 2.4 GHz, au pitisha kebo na uweke ruta ya pili. Usiiweke ruta nyuma ya friji, kabati la chuma au simtanki lililojaa maji; vyote hivyo hunyonya au kurudisha mawimbi. Jirani wakiwa wengi, kama Chikongola, ingia kwenye ruta uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo wenzako hawajaijaza.

Ruta haipati intaneti

Kwa ruta ya laini, anza na jambo dogo linaloaibisha: bando limeisha, au lipo ila ni la usiku tu. Likiwapo, tazama nguvu ya mawimbi kwenye ukurasa wa ruta. RSRP, yaani kipimo cha nguvu hiyo, ya −80 ni nzuri. Ikifika −110 usitegemee kitu. Bati huzuia mawimbi, kwa hiyo ruta iliyopachikwa juu karibu na dari inaumia. Ishushe, iweke dirishani upande wa mnara, sogeza nusu mita nusu mita huku ukisoma namba. Ikienda vizuri alfajiri na kukwama saa 2 usiku, mnara umeelemewa, na hakuna mpangilio wa ruta utakaotibu hilo.

Kwa faiba, tazama taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Hakikisha uzi haujakunjwa kwa nguvu, usiuchungulie kwa jicho, piga simu kwa kampuni.

Ruta inayojizima kila watoto wanapofungua video mara nyingi ina adapta iliyochoka. Adapta kama hiyo inaweza kuonyesha volti 12 ikiwa tupu, kisha ikaporomoka ikibebeshwa mzigo. Ijaribu kwa nyingine nzima. Volti ziwe zilezile zilizoandikwa chini ya ruta, ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue, na alama ya chanya na hasi ifanane. Kuanzia Novemba hadi Aprili, radi ikianza chomoa na kebo zote za shaba zinazotoka nje, si umeme peke yake.

Kuna siku kosa halipo kwako wala kwa mnara. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku kama hiyo ruta inajibu vizuri, lakini kurasa za nje hazifiki au zinakuja kwa kujikokota.

Ukipiga simu kwa kampuni, usiseme "mtandao hausomi". Waambie saa ilipoanza, taa zipi zinawaka na kwa rangi gani, ruta inajibu au haijibu, na ping ya 8.8.8.8 imekosa majibu mangapi kati ya 4.