SOMO: Kusafisha sakafu ya mbao na kuipaka vanishi upya

Wakuu, nimechoka kulijibu swali hili kipande kipande, kwa hiyo naliweka lote hapa.

Kwanza dondosha maji kidogo pale panapokanyagwa sana. Tone likikaa juu, vanishi ya zamani ingalipo, endelea. Likinywewa na mbao ikageuka nyeusi, vanishi imekwisha. Hiyo ni kazi ya kukwangua hadi kwenye mbao yenyewe, na somo hili halikuhusu.

1. Toa kila kitu chumbani.
2. Fagia, kisha fyonza vumbi hadi kwenye pembe.
3. Futa kwa tambara lililokamuliwa sana. Usipige deki ya maji mengi, mbao huvimba kwenye maungio.

4. Tafuta nta na mafuta. Hapa ndipo nilipoharibu. Sakafu iling'aa, nikaamini ni safi, nikapaka. Vanishi ikaanza kujitenga na kuacha vishimo vya mviringo. Palipokauka vizuri, siku niliyoburuta kiti pakabanduka kama ganda la kitunguu. Kumbe miaka yote ilikuwa ikifutwa kwa dawa ya kung'arishia. Nilikwangua chumba kizima. Basi lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini, sugua pembeni na chini ya kabati. Kikichukua rangi ya njano au kahawia, kuna nta: usipake. Kikibaki cheupe, bado usijiamini, silikoni iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kung'arishia haionekani. Piga msasa sehemu mbili za ukubwa wa kiganja, zipake, subiri saa 24, kisha kwangua kwa ukingo wa sarafu. Ikibanduka, simama hapo hapo.

5. Msasa namba 120 au 150, kufuata nyuzi za mbao, hadi mng'ao wote ufifie.
6. Fyonza, futa, acha pakauke.
7. Koroga vanishi, usiitikise, italeta mapovu. Anzia kona ya mbali ukielekea mlangoni, na usirudie palipoanza kushika.
8. Muda wa mkono wa pili, yaani tabaka la pili, fuata maandishi ya kopo. Vanishi ya maji ni saa chache, ya mafuta mara nyingi ni kesho yake. Zulia lisubiri wiki mbili kwa ya maji, mwezi kwa ya mafuta.

ONYO: matambara yenye vanishi ya mafuta yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe. Yaloweke ndani ya maji kwenye kopo la chuma lenye kifuniko.

MASWALI

Randa: Mkuu, msasa naweza kuuruka? Sakafu yangu haina mikwaruzo.
Jibu: Hapana. Hatua ya 5.

Kivuli: Nimepaka juzi, inabanduka. Hii vanishi ni feki?
Jibu: Jaribio la sarafu ulifanya?
Kivuli: Sikufanya, ila palikuwa safi kabisa.
Jibu: Hata kwangu palikuwa safi kwa macho. Usiilaumu vanishi kabla hujaichunguza sakafu.

Mwanagenzi: Samahani fundi, kwa nini vanishi mpya isishikane na ya zamani wakati ni kitu kilekile?
Jibu: Umeuliza la maana, ndugu. Vanishi ya poliurethani ikishakomaa haiyeyuki tena, kwa hiyo mpya haiwezi kuingia ndani yake. Hung'ang'ania mikwaruzo ya msasa tu. Ndiyo maana ukiwahi mkono wa pili ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi msasa hauhitajiki. Laka, aina nyingine ya rangi ya kung'arisha mbao, ni tofauti, tabaka jipya huyeyusha kidogo lile la chini, yakawa kitu kimoja.
Mwanagenzi: Sasa nimeelewa. Na steelwaya (nyuzi laini za chuma za kusugulia) badala ya msasa?
Jibu: Kwa vanishi ya maji usithubutu. Vipande vyake hubaki kwenye nyuzi, vikashika kutu, ukapata madoa.

Randa: Nimepiga msasa, jaribio limepita. Naongeza moja: bandikeni vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti kabla ya kuvirudisha.
Jibu: Na uvikague mara kwa mara. Mchanga ukijibana humo, hukwaruza kama msasa.