Tangi la maji ya bahari la lita 650 katika nyumba ya kale ya mawe

Mwongozo huu ni wa nyumba za mawe na chokaa kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Tangi lenyewe ni la sm 180 × 60 × 60, kioo cha mm 12, na chini yake tangi dogo la kuchujia. Usinunue kioo kabla ya kumaliza hatua tatu za kwanza.

1. Uzito na sakafu

Maji yote ni kama lita 625, sawa na kilo 640. Ongeza kioo kilo 150, mawe 50, mchanga 50 na stendi 90: karibu tani nzima imekaa juu ya mita moja ya mraba. Sakafu za makazi za siku hizi hupigiwa hesabu ya takriban kilo 150 kwa mita ya mraba. Ghorofani sakafu imebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ukutani, na humo ndimo unyevu na mchwa huzila bila kuonekana. Tangi la ukubwa huu likae chini.

Hata chini usiiamini sakafu kwa macho. Nyumba nyingi za kale zina birika, kisima au shimo la choo lililofukiwa na kusahauliwa. Gonga kila mahali kwa nyundo. Panapolia uvungu, hama. Ukipata pagumu, tandika nailoni kisha mwaga zege la sm 200 × 80, unene sm 10, lenye wavu wa nondo. Limwagilie maji wiki nzima, ulipe siku 28 likomae. Weka pima maji: tofauti ya urefu isizidi mm 2 toka ncha hadi ncha. Usisawazishe kwa kuchomeka vijiti chini ya kioo, kwa sababu uzito wote utakusanyika kwenye kijiti na kioo kitapasuka. Juu ya stendi weka plaiwudi ya mm 18 na sponji ngumu ya mm 10.

Pima pia mlango, vipembe vya ukumbi na uchochoro wa kufikia nyumba. Kioo kisichopita mlangoni kigundishwe kwa silikoni humo humo chumbani.

2. Ukuta

Viputo vikipasuka hurusha vitone vya chumvi. Chumvi ikiingia kwenye chokaa hunyonya unyevu, ikikauka hugeuka fuwele, na lipu hubanguka vipande vipande. Dawa si saruji wala rangi ya mafuta. Hivyo huufungia unyevu ndani na kuusukuma upande juu zaidi. Acha sm 20 kati ya tangi na ukuta, kisha ning'iniza karatasi ngumu ya plastiki sm 3 mbele ya ukuta ili hewa ipite nyuma yake. Ukitaka kupaka chokaa, paka na iache ikauke kabisa kabla ya kujaza maji, maana chokaa mbichi ikidondokea humo hupandisha ghafla pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji.

3. Umeme

Soketi za kale mara nyingi hazina ethi. Fundi mwenye leseni avute laini mpya kutoka swichi kuu, yenye ethi na RCD (swichi inayojikata umeme ukivuja) ya 30 mA. Ziwe mbili: moja ikijikata, pampu za laini ya pili ziendelee. Soketi ziwe pembeni, juu kuliko tangi la chini, na kila waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yadondoke sakafuni badala ya kufuata waya.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni, kwani maji ya moto hubeba hewa kidogo. Betri ya volti 12 ya 100 Ah, ikitumika nusu yake na inveta, huendesha pampu ya mzunguko ya wati 25 kwa takriban saa 20.

4. Mabomba

Toboa kioo cha kawaida tu. Kilichokaangwa kwa moto kiwe kigumu husambaratika papo hapo. Bomba la kushukia mm 40, la kurudishia mm 25, yote PVC. Shaba na chuma cha mabati hazina nafasi hapa: shaba huua kamba na matumbawe. Pampu ya kurudisha isukume lita 2,000 hadi 3,000 kwa saa. Jaza maji ya bomba, uache siku tatu, kisha zima pampu. Kila sentimita inayoshuka juu ni lita 10 chini, kwa hiyo tangi la chini libaki na nafasi ya lita 30.

5. Maji

Maji ya visima vya mjini ni magumu na huingiliwa na vyoo. Tumia yaliyochujwa kwa osmosisi (kusukumwa kupita utando unaozuia chumvi na uchafu), na chumvi ya akwariamu gramu 36 kwa lita, kama kilo 22 kwa jumla, hadi uzito wiani (uzito wake ukilinganishwa na maji matupu) ufike 1.025. Ukichota baharini, chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na usichote wakati wa masika. Yanayokauka ni maji, chumvi hubaki: kila siku jazia maji baridi lita 5 hadi 8, kamwe si ya chumvi.

6. Joto

Lenga nyuzi 25 hadi 27. Kuta nene husaidia, lakini wakati wa kaskazi hazitoshi. Feni juu ya maji hupunguza nyuzi moja au mbili tu, kwa kuwa hewa ya pwani imeshiba unyevu. Kwa matumbawe, nunua kipozeo cha theluthi moja ya nguvu farasi.

7. Mawe, bakteria, samaki

Usivunje mwamba hai. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tumia mawe makavu, uyasugue na kuyaloweka. Tia amonia hadi mg 2 kwa lita, upime kila baada ya siku mbili. Bakteria wanaoila kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka. Amonia hiyo ikiisha ndani ya saa 24 na nitraiti, sumu inayotokana nayo, ikiwa sifuri, badilisha theluthi ya maji, kisha ingiza samaki wawili wadogo. Kila samaki mpya akae kwanza wiki nne kwenye tangi la pekee, maana ugonjwa wa vidoa vyeupe ukiingia tangi kubwa lenye matumbawe huwezi kutia dawa ya shaba. Samaki aina ya kangaja aingie mwisho. Akitangulia, hujimilikisha tangi lote.