Kumfundisha mtoto kwa safari: somo la maji kupwa na kujaa, Bagamoyo

Wazazi wengi wanaofundisha nyumbani wakifika Bagamoyo hutaka kumaliza mji mzima kwa siku moja: Boma, misheni, soko la samaki, magofu ya Kaole. Mimi nasema chagua swali moja, kaa nalo, kesho rudi palepale. Swali ninaloanza nalo ni hili: maji ya bahari huenda wapi?

Kwanza jambo la sheria. Elimu ya msingi nchini Tanzania ni ya lazima, kwa hiyo kama mwanao hajaandikishwa shule, pita kwa Ofisa Elimu wa wilaya kabla ya kupanga lolote. Walio shule wafanye haya likizo.

1. Angalia mwezi, ndipo upange safari. Bamvua, yaani siku bahari inapopanda na kushuka sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu jua na mwezi huvuta bahari wakiwa kwenye mstari mmoja. Nenda siku hizo. Pwani yetu maji ya bamvua hukupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, basi mkifika saa mbili mtayakuta yanatoka.

2. Vifaa. Vijiti, futi kamba, saa, kaunta buku, kofia na maji ya kunywa.

3. Chomekeni vijiti. Mtoto achomeke kijiti pale maji yanapoishia, na kila baada ya dakika 15 achomeke kingine. Kisha apime nafasi kati ya kijiti na kijiti, aandike. Hapa usiwe na haraka. Ataona nafasi hazilingani, naye atauliza kwa nini. Usimjibu, mwambie atembee kutoka kijiti cha kwanza hadi cha mwisho asikilize miguu yake. Kule juu ufukwe una mteremko, chini mchanga umelala, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu hukimbia mbali. Tena, katikati ya kupwa maji hushuka kwa kasi kuliko mwanzo na mwisho. Sababu zote mbili ziandikwe. Mkubwa achore grafu, mdogo ahesabu hatua. Maji yakianza kujaa, wote watoke.

4. Muulizeni mvuvi. Mfundishe mtoto asubiri mzee amalize kazi ya nyavu, kisha aamkie.

"Shikamoo babu. Maji yatajaa saa ngapi leo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mwezi ngapi?"

Mtoto aliyezoea tarehe za kalenda ya ukutani hukwama hapo, na ndipo elimu inapoingia. Mzee atahesabu kwa vidole tangu mwezi ulipoandama, amtajie saa, amweleze na maji mafu ya mwezi saba au nane, yaani siku ya saba au ya nane tangu uandame, bahari isipopanda sana wala kushuka sana. Saa aliyotaja iandikwe, jioni mkaihakiki. Nunueni na samaki kwake. Muda wake una thamani.

5. Kesho yake rudieni. Siku za bamvua maji yatakupwa kama dakika 40 baadaye kuliko jana. Mtoto akiliona hilo kwenye daftari lake mwenyewe, huhitaji kumkaririsha.

6. Sasa nendeni Kaole, kilomita zipatazo 5 kusini mwa mji. Lipeni kiingilio, mchukue mwongozaji. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yenye nguzo ndefu. Ya kale kabisa hukadiriwa kuwa ya karne ya 13. Pimeni msikiti mmoja, mchore ramani yake, sentimita 1 kwa mita 1. Halafu mgeuze mtoto aangalie upande wa bahari: kati yake na maji ni mikoko. Mji wa wafanyabiashara wa majahazi, bahari haionekani! Mwache abishane na mwongozaji kuhusu mchanga, mikoko na bandari.

Jioni aandike ukurasa mmoja: jahazi lingefikaje Kaole leo, siku ya bamvua na siku ya maji mafu? Tahajia msahihishe kesho. Leo soma hoja zake, umuulize kila moja ameitoa kwenye kipimo kipi.