Somo: Kufuatilia historia ya jimbo lako kwenye Hansard, kutoka LEGCO hadi Bunge (Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe)

Wengi wanaotafuta historia ya siasa ya huku kwetu huanza na jina la mbunge. Wanaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, linakuja tupu, wanaamua kwamba kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge (Hansard) hazipo. Zipo, ila zimepangwa kwa tarehe ya kikao, na mtu mmoja anaweza kuonekana humo kwa majina matatu tofauti. Kwa hiyo anza na eneo, fuata tarehe, jina lije mwisho.

Hatua ya 1: Tengeneza jedwali la eneo lako

Chora safu nne: mwaka, wilaya au mkoa, jina la jimbo la uchaguzi, mwakilishi. Usiruke hatua hii hata kama unadhani eneo unalijua, maana mipaka ya huku imehama mno. Kyela na Ileje zilikuwa ndani ya Rungwe hadi miaka ya 1970. Makete na Ludewa zilikuwa Njombe. Sumbawanga ilihesabiwa Mkoa wa Mbeya kabla Rukwa haijaundwa mwaka 1974. Songea, ambayo leo watu huiweka Nyanda za Juu Kusini, wakati wa Mwingereza ilikuwa chini ya Jimbo la Kusini (jimbo la wakati ule ni kama mkoa, si jimbo la uchaguzi). Njombe imekuwa mkoa mwaka 2012, Songwe mwaka 2016.

Majimbo ya uchaguzi nayo hubadilika majina. Rungwe Mashariki ndiyo Busokelo tangu 2015. Mbozi Magharibi ikawa Momba. David Silinde ameingia bungeni kwa Mbozi Magharibi (2010), Momba (2015) na Tunduma (2020). Ukitafuta kwa jina la jimbo moja tu, unapoteza miaka kumi ya michango yake. Mwaka 2025 Mbeya Mjini imegawanywa ikazaliwa Uyole, hivyo jedwali lako liwe na nafasi ya kuongeza mistari.

Hatua ya 2: Jua ni chombo gani kilikuwa kinakaa

Baraza la Kutunga Sheria, LEGCO, lilianza Desemba 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, wajumbe wote wakiwa wa kuteuliwa. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945: Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Kalenga aliingia muda mfupi baadaye.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Nyanda za Juu Kusini ilikuwa katika awamu ya kwanza. Kila jimbo la uchaguzi lilitoa watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na mpiga kura alilazimika kuchagua wote watatu. Ndiyo maana utamkuta John Mwakangale na Lady Marion Chesham wakiwakilisha eneo moja kwa wakati mmoja; usidhani orodha imekosewa. Agosti 1960 utaratibu ulibadilika na TANU ikachukua viti 70 kati ya 71.

Kumbukumbu za LEGCO ni za Kiingereza. Tafuta maneno ya Kiingereza ya kipindi kile, na tahajia za kizamani za majina ya vijiji.

Hatua ya 3: Pata mkutano na kikao

Mpangilio ni Bunge (kutoka uchaguzi mkuu mmoja hadi mwingine), Mkutano (kipindi kimoja cha vikao), Kikao (siku moja). Bunge la Saba (1995–2000) ndilo la kwanza baada ya uchaguzi wa vyama vingi, la Kumi ni 2010–2015, la Kumi na Mbili ni 2020–2025. Kila Bunge huanza kuhesabu mikutano upya, kwa hiyo kuna “Mkutano wa Nne” katika kila Bunge. Usiandike kamwe “Mkutano wa Nne, Kikao cha Tisa” bila tarehe kamili.

Kalenda ya bajeti ndiyo inayowapoteza wengi. Tangu 2013 Mkutano wa Bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Kabla ya hapo ulikuwa Juni hadi Agosti. Mfano mzuri ni hoja ya kundi la wabunge lililoitwa G55, iliyotaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, iliyowasilishwa na Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa. Mjadala wake wa Agosti 1993 umo katikati ya siku za makadirio ya wizara. Anayetafuta hoja kubwa kama ile kwenye mkutano wa peke yake hataiona. Na ukiipata, usiishie hapo: azimio lile lilirudishwa bungeni mwaka uliofuata, na ukisoma 1993 bila 1994 utaandika historia nusu.

Hatua ya 4: Soma kikao kizima

Mpangilio haubadiliki sana: dua, hati zilizowasilishwa mezani, maswali na majibu, kisha shughuli za siku. Tazama kwanza hati za mezani. Ni mistari michache, lakini ndiyo inayokuambia ripoti gani ya kamati ilifika siku hiyo.

Kisha jihadhari na vyeo. Waziri akizungumza, Hansard mara nyingi humwandika kwa cheo. Mark Mwandosya wa Rungwe Mashariki, katika majibu ya 2000–2005, mtafute chini ya Waziri wa Mawasiliano na Uchukuzi. Anne Makinda wa Njombe Kusini ni “NAIBU SPIKA” 2005–2010, kisha “SPIKA” hadi 2015. Adam Sapi Mkwawa alikaa kwenye kiti hicho 1962–1973 na tena 1975–1994. Maneno yake mengi yapo chini ya neno moja, Spika.

Ukitafuta ndani ya faili, tumia jina la ukoo pekee, kwa sababu herufi ya jina la kati huvunja utafutaji: “Anne Makinda” haitapata “Anne S. Makinda”. Kwa Mbeya andika jina zima la ukoo, maana “Mwak” itakuletea Mwakyembe, Mwakyusa na wengine kibao. Faili la zamani lililopigwa picha halitafutiki kabisa. Hilo unalisoma ukurasa kwa ukurasa.

Hatua ya 5: Fuata muswada hadi sheria

Kusomwa mara ya kwanza, kamati, mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima, mara ya tatu, saini ya Rais, Gazeti la Serikali. Mabadiliko ya vifungu hufanyika kwenye Kamati ya Bunge Zima, na hapo ndipo mtafiti mvivu hapafiki. Hotuba ya kuusifu muswada haikuambii kifungu kilipita kikiwa na maneno gani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Tukuyu, nauli ya Dodoma sina. Nitapata za mwaka gani bila kusafiri?*
Marahaba. Anza na tovuti ya Bunge, inazo za miaka ya vyama vingi kwa wingi. Za zamani zaidi ni vitabu: maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nenda na barua ya chuo au ya taasisi yako. Andaa tarehe kabla ya kusafiri, siku mbili zitakutosha.

*Dada, michango ya Dkt. Tulia ya 2016 niiweke chini ya Mbeya Mjini?*
Hapana. Aliingia Bunge la Kumi na Moja kwa kuteuliwa na Rais, akawa Naibu Spika. Mbunge wa Mbeya Mjini wakati huo alikuwa Joseph Mbilinyi. Tulia anaanza kwenye safu ya Mbeya Mjini mwaka 2020.

*Kalenga naona wabunge wawili ndani ya Bunge la Kumi. Ni kosa?*
Si kosa. Dkt. William Mgimwa alifariki Januari 2014, uchaguzi mdogo ukafanyika Machi, akaingia Godfrey Mgimwa. Kwa sababu ukoo ni mmoja, tenganisha kwa tarehe, la sivyo utawachanganya.

*Ripoti ya Richmond ipo kwenye Hansard?*
Fungua vikao vya Februari 2008. Kamati Teule iliyochunguza zabuni ya umeme wa dharura ya kampuni ya Richmond iliongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe wa Kyela. Soma siku ya kuwasilishwa na siku inayofuata, ambayo Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu.

*Nukuu niandikeje?*
Majadiliano ya Bunge, namba ya Bunge, Mkutano, Kikao, tarehe, ukurasa. Eleza kama ulitumia nakala ya mtandao au kitabu, kwa sababu kurasa zinaweza kupishana.