Njiwa wa kuachia, angalia mgongo juu ya mkia

Wafugaji wa Dodoma mnaoachia njiwa waruke, ukienda kununua usiishie kwenye rangi ya mabawa, mkunjue bawa uangalie mgongo wa chini pale juu ya mkia, chukua wa kijivu mwenye kiraka cheupe hapo. Kipanga akishuka kwa spidi njiwa hujibinua ghafla pembeni, sasa kile cheupe kinamvuta kipanga macho, anachelewa kuona bawa la njiwa limeshalala, anapita kucha tupu. Kule Davis, California watafiti walifuatilia hii kitu na matokeo yakatoka 2005: wenye kiraka walikuwa kama 20% ya njiwa wote ila kwenye waliokamatwa kama 2% tu, na walipobadilishiwa manyoya yakawa ya kijivu kinga ikaisha. Mweupe mwili mzima hana faida hiyo, hata kama muuzaji anakusifia (na bei atapandisha). Ila kiraka hakisaidii kitu kwa kipanga anayevizia kwenye mwarobaini akamkwapua njiwa akila mtama chini, wala kwa makinda yanayojifunza kuruka, hayo yabaki bandani kwanza.