Kuhama Windows kwenda Ubuntu ukiwa na tasnifu mkononi

Tangu Windows 10 iache kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, napokea ujumbe uleule kila wiki: mashine haikubali Windows 11, mtu kapiga Ubuntu (mfumo endeshi wa bure, wa jamii ya Linux), tasnifu imevurugika. Kompyuta nyingi za mtumba tunazotumia vyuoni zina prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, na hizo Windows 11 haizikubali rasmi. Kwa hiyo kuhama ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba watu wanafuta kwanza ndipo wanauliza, na kazi kubwa ya kuhama inafanyika Windows ikiwa bado ipo. Naandika mara moja, mwenzako akikuuliza mtumie hili.

Hatua ya 1. Fomati diski ya nje iwe exFAT, muundo wa diski unaosomwa na Windows na Ubuntu. FAT32, muundo wa zamani, haipokei faili linalofika GB 4.

Hatua ya 2. Nakili kila kitu, kisha fungua mafaili kadhaa kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka.

Hatua ya 3. Panga majina. Kwa Ubuntu, "Sura3.docx" na "sura3.docx" ni mafaili mawili tofauti. Usiweke nukta pacha (:) wala alama ya kuuliza kwenye jina, maana Windows ya msimamizi wako haitalikubali.

Hatua ya 4. Marejeo. Hapa ndipo nilipoumia, soma taratibu. Nilikuwa na sura tatu zenye marejeo zaidi ya mia yaliyowekwa kwa Zotero (programu ya kutunza na kupanga marejeo) ndani ya Word. Nikafuta Windows, nikafungua docx kwenye LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia, mbadala wa Word), nikaona maandishi yote yapo, nikahifadhi na kuendelea na kazi. Wiki mbili baadaye msimamizi akataka nibadili mtindo wa marejeo. Nikaiita Zotero, haikutambua rejeo hata moja. Yote yalikuwa yamegeuka maandishi ya kawaida, kwa sababu Word na LibreOffice hazihifadhi marejeo hai, yaani yale ambayo Zotero inaweza kuyabadili yenyewe, kwa namna moja. Niliyaingiza upya moja moja, siku nne silali vizuri, na tarehe ya kukabidhi iko mlangoni.

Njia sahihi ni hii. Ukiwa bado kwenye Word, nenda kichupo cha Zotero, fungua "Document Preferences", chagua "Switch to a Different Word Processor". Hati itajaa viungo vya ajabu. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Hifadhi, hamisha, fungua kwenye LibreOffice yenye Zotero, bonyeza "Refresh", na marejeo yatarudi yakiwa hai. FANYA KWENYE NAKALA, si kwenye hati mama. USIHARIRI neno lolote hati ikiwa kwenye hali hiyo ya safari. Na USIFUTE Windows kabla hujaona marejeo yamefufuka upande wa pili.

Hatua ya 5. Fonti. Times New Roman isipokuwepo, LibreOffice inaweka Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake ni uleule, hivyo kurasa hazihami. Calibri inahitaji Carlito, Cambria inahitaji Caladea. Hakikisha vifurushi vya fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea vimo, la sivyo namba za kurasa kwenye yaliyomo zitakudanganya.

Hatua ya 6. Ukitaka kubaki na mifumo yote miwili, zima kipengele cha kuwaka haraka cha Windows (Fast Startup). Ukikiacha, Ubuntu inaweza kukuruhusu kusoma mafaili ya upande ule bila kuyahariri.

Hatua ya 7. Pakua Ubuntu 24.04, iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus (programu ndogo ya bure ya Windows), washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, sakinisha.

Hatua ya 8. Hati unayoifanyia kazi iwe odt, muundo wa LibreOffice yenyewe. Ya kumtumia msimamizi iwe docx, na maoni yake uyarudishe kwenye odt kwa mkono. Ya kupeleka steshenari iwe PDF, siku zote.

MASWALI

Mwaka wa Tatu: Mkuu, mafaili yangu hayatapotea?

Jibu: Hatua ya 2.

Kisiki: Nimeshafuta Windows na sikunakili popote. Naomba msaada wa haraka.

Jibu: Acha kuitumia hiyo mashine sasa hivi. Kila unachohifadhi kinaweza kuandikwa juu ya ulichopoteza. Tafuta kwenye barua pepe ulizomtumia msimamizi, WhatsApp na Google Drive. Ukipata docx ya zamani ambayo haijapita LibreOffice, anzia hatua ya 4 kwenye kompyuta ya rafiki yenye Word na Zotero.

Mzee wa Mkato: Usumbufu wa nini wote huu? Windows 11 inapigika kwenye mashine yoyote, kuna ujanja.

Jibu: Kwenye mashine nyingi inapigika, sikatai, ingawa si yoyote. Lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Mimi nashauri watu wenye tasnifu ndani, siwezi kuwashauri wabahatishe.

Binti Pwani: Samahani kaka, kama docx ni kiwango cha kimataifa, mbona programu mbili zinaionyesha tofauti?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Chukua nakala ya docx, ibadilishe mwisho wa jina iwe zip, ifungue. Utakuta mafaili ya XML (maandishi yenye maelekezo kwa programu) yanayosema "aya hii ni ya Cambria, ukubwa 12". Hayasemi mstari unakatikia wapi. Kila programu inapanga mistari yenyewe kwa fonti ilizonazo. Kiwango chenyewe ni ISO 29500 cha mwaka 2008. PDF ni kinyume chake: inabeba fonti na mahali pa kila herufi, ndiyo maana nasisitiza ya steshenari iwe PDF.

Binti Pwani: Nimefungua zip, nimeona! Na data za SPSS je?

Jibu: Faili la .sav, yaani la data za SPSS, linafunguka kwa PSPP, programu ya takwimu ya bure ambayo menyu zake zinafanana na za SPSS. R, programu nyingine ya takwimu, nayo inalisoma kwa kifurushi cha haven. Lakini hamisha lebo na majibu yaliyokosekana kwa uangalifu, kisha linganisha jedwali moja la matokeo ya zamani na jipya kabla hujaendelea.

Fundi Chipukizi: Nasoma usanifu majengo, natumia AutoCAD.

Jibu: Usiiache Windows. AutoCAD haina toleo la Linux. Baki na mifumo yote miwili, hatua ya 6.

Kisiki: Nimepata sura mbili kwenye barua pepe, asante. Flashi yangu nayo imejaa njia za mkato (shortcut) tu baada ya kutoka steshenari.

Jibu: Afadhali. Hiyo flashi ichomeke Ubuntu. Virusi hivyo huficha mafaili kwa alama ya Windows, na Ubuntu haiijali hiyo alama, kwa hiyo utayaona yote. Nakili yako, futa njia za mkato, fomati flashi.

Mwalimu Mtarajiwa: Naandika tasnifu kwa Kiswahili, kila neno lina mstari mwekundu.

Jibu: Sakinisha hunspell-sw (kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili), kisha weka lugha ya hati iwe Kiswahili. Maneno yenye viambishi vingi bado itayatilia shaka. Yaongeze kwenye kamusi yako binafsi kadiri unavyoandika, na faili la hiyo kamusi ulinakili pamoja na tasnifu.