Kabla hujainunua BMW 650i hapa Lubumbashi

Shaba ya migodi yetu ikipanda bei, simu yangu haitulii. Kijana wa mtaa wa Golf kaiona 650i mtandaoni, au ndugu yake wa Brussels kamtumia picha, na swali ni lile lile: "Yaya (yaani kaka) fundi, ninunue?" Nami humuuliza: ukishailipa, utabaki na dola elfu tatu ambazo hazina kazi nyingine? Kama hazipo, tafuta RAV4 uendeshe kwa amani.

Nazungumzia gari la "coupé", la milango miwili, la umbo ambalo BMW huliita E63, lililotoka mpaka 2010. 650i ina injini ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa kama herufi V, ya lita 4.8, nguvu farasi 367. Ndugu yake aliyemtangulia, 645Ci, ina lita 4.4 na farasi 333. Gari tamu, sikatai. Ukiikanyaga barabara ya Likasi unaelewa kwa nini watu wanauza viwanja. Ila siku hizi bei yake haifiki hata ya Prado iliyochoka, na jibu la kwa nini limo ndani ya injini.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, salimia, kisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ya asubuhi inakusaidia sana, maana gari mbovu haiwezi kujificha.

Ikiwaka, iache ingurume dakika ishirini bila mtu kugusa mafuta. Hapo ndipo muuzaji anaanza kuhangaika: twende tuijaribu barabara ya Kasapa, utasikia inavyovuta! Kataa kwa adabu. Dakika zikitimia, mwombe mtu akanyage mpaka mizunguko elfu tatu kwa dakika, wewe simama nyuma uangalie moshi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaokauka haraka si neno. Wingu la buluu linalonuka oili iliyoungua ni dalili ya mipira ya valvu iliyochoka. Injini hii ina valvu 32, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, na kila moja ina mpira wake mdogo wa kuzuia oili. Joto linaukausha, unakuwa mgumu, oili inateremka kwenye mguu wa valvu taratibu injini ikinguruma bila kukanyagwa, kisha inaungua yote kwa mkupuo ukikanyaga. Ndiyo maana wauzaji hawapendi gari ikae inanguruma.

Mipira yenyewe ni rahisi. Ghali ni kuifikia. Ulaya na Marekani watu hutajiwa dola 4,000 hadi 6,000 kwa kazi hiyo. Hapa, kwa fundi mwenye kifaa cha kubana springi za valvu bila kung'oa vichwa vya injini, mazungumzo yanaanzia kama 1,500, na gari italala garaji. Fundi akikwambia ataimaliza kesho kwa mia tatu, chukua ufunguo wako.

Ugonjwa wa pili ni wa maji. Katikati ya V ya injini limelala bomba linalopitisha maji ya kupooza, na mpira wa ncha yake ya mbele huchoka. Maji yanatokea kwenye tundu dogo mbele ya injini, nyuma ya pampu ya maji, na mengi hukauka kabla hayajafika chini. Mwenye gari huongeza maji kila wiki na kusema "ni jua tu." Jua gani hilo! Angalia alama nyeupe au za rangi zilizokauka sehemu hiyo. Njia ya kiwandani ni kufungua mbele yote ya injini. Ipo njia nyingine: bomba linaloweza kurefushwa. Unalikata la zamani na kuliingiza hili jipya bila kufungua huko mbele. Piesi hiyo ni dola mia kadhaa kabla ya usafiri, na inafaa kila senti. Ukiachia maji yaishe kati ya hapa na Kasumbalesa, kule mpakani, utakuwa unanunua injini.

Oili kuvuja pembeni ni kawaida: gasketi za vifuniko vya valvu, na gasketi ya kishikio cha alteneta. Hiyo ya pili ni kipande cha dola chache, ila mkono wa fundi unapita kwa shida. Mwombe muuzaji apunguze bei kwa hayo, usimkimbie.

Giaboksi ya otomatiki ni ya gia sita, imetengenezwa na kampuni ya ZF. BMW walisema oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. ZF wenyewe wanataka ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi nasikiliza aliyeitengeneza. Chujio limeunganishwa na sinia la plastiki la chini, vinabadilishwa pamoja. Weka dola 300 au 400 na oili yake halisi. Ikigonga inaposhuka gia karibu na kusimama, huduma hiyo iwe ya kwanza, kabla mtu hajakutajia giaboksi ya kutoka Dubai.

Umeme ndio kazi yangu, lakini nitakuwa mfupi. Batri iko nyuma kwenye mizigo, na ikibadilishwa kompyuta ya gari lazima iambiwe, la sivyo inachajiwa vibaya. Njoo na fundi mwenye laptopu na programu ya BMW. Kile kifaa kidogo cha sokoni cha kusoma makosa kinasoma baadhi tu.

Matairi ni yale ya kutembea bila upepo, kwa hiyo hakuna tairi la akiba. Mashimo ya barabara za Katuba yanayachana ubavuni, na moja jipya halishuki dola 200.

Mwisho angalia bodi, na ile sumaku ya kutafuta bodi iliyozibwa uiache nyumbani: boneti na milango ni alumini, mafenda ya mbele na kifuniko cha nyuma ni plastiki. Haitashika hata kama bodi ni safi. Fungua boneti uangalie mifupa ya mbele: ni alumini iliyounganishwa na chuma cha bodi kwa ribeti na gundi. Mashine ya kawaida ya kuchomelea ya mtaani haiiwezi. Ukiona mshono wa kuchomelea wa mtaani hapo, usio wa kiwandani, hiyo gari imegongwa na imeshonwa na mtu asiyeijua, na hakuna punguzo la bei litakalolipa.